Tungule za Uani

Saadia aliung'oa mwasumini wa uani siku ya Jumatatu, nao umejaa maua. Aliyemwamrisha ni mama mkwe wake, Bi Mwanakuu. Majirani wa Mji wa Kale walishangaa: nani mwenye akili zake atatupa asumini apande tungule? Saadia hakuuliza. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kwani asumini hakuwa na ruhusa ya kujipamba nayo.

Siku tatu kabla ya hapo ilikuja simu ya maandishi ya jeshi. Jamaldin, mumewe, dereva wa malori, alikuwa amefariki vitani huko Bama, ng'ambo ya Bara Hindi. Abdulghafur, nduguye Jamaldin, aliisoma kwa kunong'ona mlangoni, kisha akaichana. Bi Mwanakuu alikuwa kitandani, na daktari alikwisha kusema moyo wake hautastahimili mshtuko. Basi Saadia na shemeji yake wakaapa kwamba mama hatajua mpaka apate nguvu.

Lakini mjane ana eda yake: miezi minne na siku kumi, bila kutoka, bila hina, bila manukato wala nguo za kupendeza. Ataikaaje eda mbele ya mtu asiyetakiwa kujua kwamba pana msiba? Maskini Saadia, alikuwa akilia chooni huku akimwaga maji, sauti isisikike.

Bustani ndiyo iliyomwokoa. Bi Mwanakuu alitaka tungule, bamia na pilipili za nyumbani, kwa kuwa soko la wakati wa vita halikuwa na kitu. Abdulghafur akaleta madebe matupu ya mafuta ya taa na udongo kutoka Tudor. Saadia akawa anashinda uani, akichota maji kisimani humo humo, akiifunga miche kwenye vijiti, akiua viwavi kwa vidole. Shamba halitaki leso mpya, alisema Bi Mwanakuu, na nguo nzuri zikabaki sandukuni. Mwaliko wa harusi ulipokuja kutoka Kibokoni, bibi alijibu kwamba Saadia hatoki mpaka tungule zake ziive. Hata mwanamke wa kupaka hina alimrudisha. Hina gani, akasema, kwenye mikono ya udongo?

Wanawake wa mtaa walimsema mama mkwe huyo mpaka wakachoka. Eti mume yuko vitani, mke kafanywa mtumishi! Saadia aliinamia madebe yake akawaacha waseme. Kila alasiri bibi alijikongoja mpaka uani, akaketi kwenye kibao akamtazama anavyopalilia. Jamaldin hakumtaja hata siku moja, na kwa hilo pia Saadia alishukuru.

Tungule zikaiva. Bibi akala, akapata nguvu, akaanza kwenda mwenyewe mpaka kisimani. Hapo ndipo hofu ilipomzidi Saadia. Eda ikiisha hakuna tena kisingizio. Itabidi aseme, na alihisi kwamba maneno yatakayotoka kinywani mwake ndiyo yatakayomuua mama wa watu.

Asubuhi moja, kwa hesabu yake, ilibaki siku moja tu. Bi Mwanakuu akamwita chumbani. Kitandani palikuwa na leso mpya, chetezo kinafuka udi, na kando yake ndoo ya maji ya moto. Saadia alisimama mlangoni. Alidhani anapelekwa harusini.

"Leo niwie radhi, Mama," alisema. "Kesho. Leo nina kazi uani."

Bi Mwanakuu akamshika mikono yote miwili, na udongo wake.

"Mwezi wa Mfunguo Nne ulikuwa na siku ishirini na tisa, mwanangu, nawe umeuhesabu thelathini. Eda yako imekwisha jana. Oga, kisha uje tumlie."