Mwanamke Mwenye Grade

“Mama Florentine, mutoto yako atapikia bwana yake bukari mu Kifaransa?”

Papa Ngondo, jirani wa ng'ambo ya njia, aliuliza hivyo, kana kwamba ugali una lugha, siku Phébé, binti wa Florentine, alipopanda treni kwenda kusoma Lubumbashi. Florentine, mjane, alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akaendelea kufagia uwanja wake.

Phébé alirudi Kamina mwaka wa vita, akiwa gradué, amemaliza miaka mitatu ya masomo ya juu. Katika parokia yao hakukuwa na mwanamke mwingine wa namna hiyo. Alirudi pia na tabia ya kuchosha: Kifaransa kikipinda kinywani mwa mtu, yeye hukinyoosha papo hapo, hata kiwe cha pasteur, mchungaji wao.

Mji ulijaa askari, chakula kikawa taabu. Papa Ngondo, mkubwa wa baraza la kanisa, akataka darasa la wasichana lifungwe, chumba kiwe ghala ya mahindi yake. Rachelle, kitinda mimba wa Florentine, alisoma humo. Kanisa lingepiga kura. Na kura, tangu zamani, ilikuwa ya wanaume. Phébé akasimama, akauliza kwa adabu kama yeye, na masomo yake yote, atanyamaza pia.

Ngondo akacheka. Sauti moja ya mwanamke ingemfanya nini? Akamwambia pasteur aandike sheria.

“Mwanamuke gradé, yeye njo atachagua. Ule haiko gradé, abakie inje.”

Gradué imegeuka gradé, jina la askari mwenye cheo. Watu wakamgeukia Phébé, wakingoja amnyooshe mzee.

“Papa amesema vizuri,” Phébé alisema. “Iandikwe vile vile.”

Florentine alipumua. Kumbe mtoto amejifunza heshima.

Wiki ile wamama walikutana kila siku kanisani, na sindano zao. Ngondo aliwasifu kwa kupenda maombi.

Siku ya kura pasteur alisimama mlangoni. Phébé akapita, Ngondo akampungia mkono kama anayekaribisha mgeni. Nyuma yake akaja bibi mmoja wa kwaya.

“Mama, sheria inaomba grade,” pasteur alisema.

“Kaporali wa fagio,” bibi akajibu, akamwonyesha kitambaa kilichoshonwa begani.

Pasteur alisoma tena sheria yake, akampisha. Wakafuata sajenti wa wagonjwa, ajida wa maji, kapteni wa ngoma, na Florentine mwenyewe, luteni wa maombi. Mstari ulifika hadi barabarani.

Wa mwisho alikuwa Mama Clémentine, mke wa Ngondo, na nyota nyingi kuliko wote begani.

“Koloneli,” alisema, kisha akamgeukia bwana yake. “Na weye, baba ya batoto, iko na grade gani?”

Ngondo alichukua kofia yake, akatoka nje.