Kituo cha Mama Dativa

Basi lilipokaribia Alby, kitongoji alikoishi na mama yake, Dativa alikuwa kitini na kompyuta mapajani, kidole juu ya kitufe cha kukifuta kituo chao.

Kompyuta ilikuwa imeshapiga hesabu: abiria wachache, wapiga kura wachache zaidi. Kikiondolewa, hakuna diwani atakayepoteza kiti. Kupanga njia za mabasi ya Stockholm ndiyo iliyokuwa kazi yake, na wakubwa walitaka jibu leo.

Mlango ukafunguka. Mama yake alikuwa amesimama mvuani, mikono ameshainyoosha, kama kila jioni.

Dativa akaifunga kompyuta bila kubonyeza, akashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete mkoba, umechoka."

Vidole vya mama vilikuwa baridi. Hapandi basi wala hashuki; huja kumpokea mwanawe tu. Hakuna mashine iliyowahi kumhesabu.

"Mama, mbona hupigi kura? Kuchagua madiwani, hata asiye raia anaruhusiwa."

"Kwenye nchi ya watu? Mimi mgeni, mwanangu."

"Mwaka wa tano huu! Mgeni siku mbili..."

"...ya tatu mpe jembe," mama akamalizia, akicheka.

Ng'ambo ya barabara, mlangoni mwa maktaba, foleni ya waliokuja kupiga kura za mapema ilikuwa bado fupi.

"Basi twende," alisema Dativa. "Jembe lako liko pale."