Droo ya Kadi za Salamu

Siku hiyo mjinga alikuwa Kibwana, maana ndiye aliyemshawishi mkewe, Sikudhani, waende kwenye makumbusho ya redio na televisheni, ilhali wangeweza kulala zao.

"Humu mna kadi zote za salamu ambazo watangazaji hawakuwahi kuzisoma," mhudumu aliwaambia, akigusa kabati. "Zimepangwa kwa majina ya waliozituma."

Sikudhani alisimama. Miaka ishirini alikaa kando ya redio kila Jumamosi akingoja kusikia jina lake, na kila Jumamosi mumewe alimwambia, "Nimekutumia kadi, mama. Watangazaji hao wana upendeleo."

Alivuta droo ya K, akazipitia kadi moja moja kama anayechambua mchele. Alipofika ya mwisho aliketi kwenye benchi, akavua viatu.

"Zangu zimeliwa na mchwa, Mama Zuhura," Kibwana alisema, akijichekesha.

"Kondo kinyozi yumo. Kombo asiyejua kuandika ana kadi tatu," mkewe alijibu kwa sauti ya uchovu. "Mchwa gani hao, Baba Zuhura, wanaosoma jina kwanza ndipo wale?"