Mlinzi wa Jiwe la Maporomoko

Palikuwa na Pimbi mwenye sauti kali kuliko pimbi wote wa maporomokoni, sauti aliyoisomea hasa, na bado alilala njaa. Walioshiba ni nyani, kwa ndizi walizowapora wageni. Basi akamwendea Nyani mkuu kuomba kazi ya ulinzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una experience?"

"Sina, mzee. Nina sauti."

"Basi jitolee kwanza, kijana, naona una potential. Keti kwenye lile jiwe pale maji yanapoangukia. Ukimwona Chui, piga kelele. Ukifanya vizuri, utakula nasi."

Pimbi akaketi kwa fahari, maji yakimngurumia masikioni. Chui alipotokea, alipiga kelele mpaka koo likawaka. Hakuna nyani aliyegeuka.

"Unajichosha bure, mdogo wangu," Chui akamwambia. "Hapa hasikiki mtu. Mimi na mzee wako tulishaelewana: yeye ananiletea mlinzi, mimi siwagusi wanawe."

"Lakini mimi bado niko kwenye majaribio," Pimbi akasema.

"Wote walikuwa kwenye majaribio."

Jioni nafasi ikatangazwa upya. Asubuhi foleni ya pimbi ilifika hadi geti wanaloingilia wageni, kila mmoja akisafisha koo.