Siku Thelathini za Utulivu

Siku hizi mtengeneza programu hapandishwi cheo mpaka bangili ya kampuni ionyeshe kwamba ametulia nyumbani siku thelathini mfululizo. Chochote kinachompandisha presha kinaandikwa kuwa hitilafu, na wenzake wawili kazini wakiidhinisha, kinaondolewa. Eti wanajali afya yake!

Mume wangu, Mbonea, alikuwa amebakiza siku mbili. Hitilafu ya mwezi uliopita ilikuwa kilio cha binti yetu Nakijwa, mtoto wa miaka mitano. Wenzake wakaidhinisha apelekwe kwa bibi yake kule Same kwa wiki tatu. Alirudi halii tena.

Jana mchana aliingia jikoni mkono umevimba na kupinda. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi. Akaninong'oneza, "Mama, usimwambie baba."

Nilimbeba hadi sebuleni. "Baba Nakijwa, mtoto amevunjika mkono!"

"Taratibu, Mama Nakijwa," alisema, macho yake kwenye bangili. "Zimebaki siku mbili tu. Mpeleke hospitali, utanieleza jioni, polepole."

Nikamweka mtoto kwenye kochi, nikachukua sufuria na mwiko jikoni, nikaigonga karibu na sikio lake hadi bangili ikawaka nyekundu. "Haya, panda cheo sasa! Panda!"

Alichukua simu, akaandika hitilafu mpya. Nilipokuwa namfunga mtoto mkono kwa khanga, simu ililia mara mbili: wa kwanza ameidhinisha, wa pili ameidhinisha.

Nakijwa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, na wewe unaenda kwa bibi?"