Mstari Usiogusa Sifuri

Kwa mara ya nne tangu asubuhi, mstari ulikataa kugusa sifuri.

Marlys Tveit, mkemia wa maabara ya mji mdogo huko Dakota, aliukodolea macho kwenye skrini. Mashine yake ya kromatografia hunusa mvuke wa maji na kutaja kilichomo, lakini kabla ya kuaminiwa hupimwa yenyewe: unaipa maji safi, kisha yenye benzini kidogo, kisha zaidi, nayo ikuchoree mstari ulionyooka kuanzia sifuri. Huu ulinyooka, ila ulianzia juu. Mashine iling'ang'ania kuwa hata maji safi yana sumu ya petroli.

Mezani zilisubiri chupa saba za maji ya visima vya ng'ambo ya mto, ambako watu walilalamika kuwa maji yao yananuka. Halmashauri ilitaka majibu siku hiyohiyo.

Alikuwa ameshabadilisha sindano, mipira, hata mtungi wa gesi. Alikata ncha ya mrija, akauoka saa mbili utoke uchafu. Wapi!

"Punguza tu hicho kilichozidi, dada," alisema Duane, mwenzake. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Haya. Endelea kubembeleza chuma."

Saa nane alimpigia fundi wa kiwanda kilichounda mashine, machozi yakimlengalenga.

"Mashine yako nzima kabisa, mama," fundi alisema. "Hayo maji safi unayatoa wapi?"

"Bombani. Yanapita kwenye chujio letu."

"Jaribu mengine."

Duane alikimbia dukani, akarudi na maji ya chupa. Mstari ukashuka, ukatulia kwenye sifuri. Duane alipiga makofi kwa furaha. Kisha akatazama kikombe chake cha kahawa, akakiweka chini polepole.

Visima vyote saba: sifuri. Kilichonuka huko hakikuwa petroli.

Meya hakupokea simu. Ofisi ya maji ilimwambia aandike barua. Marlys akaipigia simu shule ya ng'ambo, walau mtu mmoja apate habari njema.

"Visima vyenu ni salama," alimwambia mwalimu mkuu, Bi. Renville. "Watoto wanywe bila hofu."

"Aa, visima tuliviacha tangu Jumatatu, mwanangu! Mji wenu umetuhurumia, unatuletea maji yenu ya bomba kwa lori. Na joto hili, watoto wameshamaliza pipa la pili."