Mkanda wa Tela

Mteremko ulikuwa haujaanza, lakini Joackim alikwisha kushuka kwenye baiskeli na kuanza kuisukuma, vidole vikiwa tayari juu ya breki. Nyuma yake tela dogo la magurudumu mawili lilifuata kimya.

Jumapili iliyotangulia aliteremka hapo hapo akiwa amekaa, akipiga kengele kwa madaha, na tela likapinduka. Irine, bintiye wa miaka miwili, alirudi nyumbani na uvimbe kwenye paji la uso. Telesia, mkewe, hakupaza sauti. Alimwambia tu kwamba akimfikisha mtoto salama Jumapili ijayo, tela litabaki. Asipomfikisha, litageuzwa kiota cha kuku. Tangu siku hiyo Joackim alikula akitazama sahani.

Ndiyo maana leo hakutaka kosa. Wakati wa mnada wa mazao baada ya ibada, dada yake Feliciana alikuwa amembeba Irine mgongoni. Mnada ulipokwisha, Joackim alikuta blanketi limeshatandazwa ndani ya tela, limetuna vizuri. Alishukuru moyoni kwamba mtoto alikuwa amelala. Kwa sababu ya upepo hakumfunua. Alikaza tu mkanda juu ya blanketi. Boga alilonunua hakuliona popote, lakini aliona heri lipotee kuliko kumchelewesha mtoto kwenye baridi ile.

Watu wa Mahongole hawakumhurumia. "Shemeji, leo umepakia mayai?" aliuliza mwanamke mmoja kando ya njia, na wenzake wakacheka. Kisha pikipiki ikampita ikipiga honi mfululizo, abiria wake akipunga mkono, kitenge kimemfunika hadi puani. Joackim aliinamisha uso. Kumbe habari za ule uvimbe zilikuwa zimeenea hadi kwa waendesha bodaboda.

Telesia alikuwa akimsubiri mlangoni, mikono kifuani.

"Yuko salama," Joackim alisema, bila kuinua macho. "Njia nzima hajalia."

"Haya, tumwone, baba Irine."

Alilegeza mkanda taratibu, akafunua blanketi. Boga lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo.

Ndani ya nyumba, kwenye mapaja ya shangazi yake, Irine aliuliza kama baba amefika.